Dereva wa Dam na Usukani Nilioukata

Niliukata. Tuanze hapo, kwa sababu watu wa plot yetu, haya mabanda ya kupanga hapa Mashimoni, Kibera, bado wanaisimulia hii stori vibaya. Kuna wanaosema niliuuza kwa watu wa vyuma kuukuu, na kuna wanaosema niliuangusha kwa reli nikicheza. Hapana. Nilitumwa kupeleka usukani wa boti, lile bapa la chuma la nyuma linaloigeuza, kwa fundi wa kuchomelea huko Kawangware, auongeze upana. Mimi nikamwambia aupunguze. Nilisimama pale nimeshika kiuno kama injinia wa serikali, nikasema, "Kata," na fundi akakata, cheche zikaruka mpaka barabarani, na mimi nikafurahia sana kazi yangu.

Sababu nilikuwa nayo. Nitaieleza, na mkicheka mcheke tu. Lakini kwanza mjue usukani ulikuwa wa nani.

Sisi tulimwita Dereva. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, hata mwenye plot akija kugonga milango alisema, "Dereva, uko?" Mlango wake ulitazamana na wetu, katikati mtaro. Kazi yake ilikuwa kuendesha boti ya injini huko Nairobi Dam, yale maji makubwa yaliyo chini ya Kibera upande wa mtaa wa Soweto. Wikendi kulikuja watu na vimashua vyao vya matanga, wakipinduka Dereva anaenda kuwaopoa. Siku za kati ya wiki aliwaopoa watu wetu: watoto walioteleza wakichota maji, na kila mara kijana mmoja aliyewaambia wasichana kwamba anajua kuogelea.

Ukisema Nairobi kuna dereva wa boti watu wanadhani unawachezea. Niliwahi kuandika kwenye insha kwamba jirani yangu anaendesha boti. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Hii ni Nairobi," akaninyima maksi.

Dereva alivaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Sisemi gambuti za kazini, hapana. Alivaa gambuti nyumbani, kwa duka, kwa choo, na Jumapili alivaa suti ya kahawia, tai, na gambuti, akaenda kanisani akakaa mbele. Nilimuuliza siku moja kwa nini hawezi kununua viatu kama binadamu.

"Owafula," akasema, "maji haipigi simu ndiyo ikuje."

Mimi naitwa Wafula. Lakini yeye alitoka upande wa ziwani kwa Wajaluo, na aliamini jina la mwanaume haliwezi kuanza bila O, kwa hiyo aliniwekea moja bure.

Kitu kingine ni kamba. Alifunga kila kitu. Mlango wake ulikuwa na kufuli kama milango yote, lakini juu ya kufuli kulikuwa na fundo. Suruali ilifungwa kwa kamba. Mfuko wa sukari ulifungwa kwa fundo ambalo yeye peke yake alilijua, kwa hiyo mathe, mama yangu, akinituma kuomba sukari kidogo, chai ilichemka ikamwagika kabla hajamaliza kufungua. Redio yake ilitoa habari za hali ya hewa kwa sauti ya kuamsha mtaa, na mtangazaji akitaja Kisumu, Dereva aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa salamu.

Tukimpita asubuhi tukienda shule tulimwita kwa makusudi, wote pamoja, "Niaje, Dereva!"

"Niko juu ya maji," alijibu. Kila siku. Hata siku ile mvua iliingia nyumbani kwake na alikuwa amesimama ndani yake.

Sasa sikilizeni haya mawili, ndiyo yalinifanya nimpende na pia nimcheke mpaka mbavu. La kwanza: alikuwa dereva, lakini aliogopa barabara. Aliogopa kabisa. Hakuvuka Ngong Road hata siku moja niliyomjua, isipokuwa ile nitakayowaambia. Akitaka kitu ng'ambo alimtuma mtoto. "Gari haina adabu," alisema. "Boti ukiizimia moto inasimama ikufikirie. Gari inakuua halafu ndiyo inasimama."

La pili: hakujua kuogelea. Dereva wa boti ya kuokoa watu, hajui kuogelea. Ukimuuliza alikasirika. "Wewe umeona rubani akiruka na mikono?"

Mimi nilijua hajui kuogelea kwa sababu nilikuwepo siku iliyothibitika. Nilikuwa darasa la tatu. Mathe aliuza mandazi pale ukingoni mwa Dam, beseni kichwani, na mimi nilitakiwa kukaa karibu naye nikifukuza nzi. Badala yake nilifunga mitungi miwili mitupu ya plastiki pamoja, nikaikalia, nikawaambia wenzangu kwamba mimi ni meli. Meli ikaenda vizuri. Ikaenda vizuri zaidi ya nilivyotaka. Kisha fundo likafunguka, mitungi ikaenda kivyake, na mimi kivyangu.

Nakumbuka maji yakiingia puani na mlio wa injini. Dereva alikuja mbio. Lakini huwezi kumfikia mtu mbio, kwa sababu chini nyuma ya boti kuna propela, na propela ni panga linalozunguka, haichagui. Lazima upunguze moto. Akapunguza. Na alipopunguza, boti ikaacha kumsikia. Alizungusha stering, lile gurudumu la mkononi, mpaka ikafika mwisho, na ile boti ikaendelea mbele, imenyooka, kama haijaambiwa kitu. Ikanipita. Nilimwona uso, na yeye akaniona, tukatazamana hivyo kama abiria wa matatu mbili zinazopishana. Akazunguka mbali kwa kasi, akarudi, akapunguza, ikanipita tena kwa upande mwingine.

Ndipo akazima injini, akajifunga kamba kiunoni, akaruka. Na gambuti zake. Gambuti zikajaa maji, akashuka kama jiwe la kusagia. Alinishika kola chini huko huko, akatuvuta sisi wawili kwa ile kamba, mkono juu ya mkono, akimeza maji na kutukana kwa Kijaluo.

Tulipofika ukingoni watu walipiga makofi. Mathe hakupiga makofi, na hakusema asante. Alinikung'uta maji, akanipiga kofi moja la kuhakikisha niko hai, akamgeukia Dereva aliyekuwa anatapika mchanga. Akamuuliza, "Na kwa nini ulikuwa unampita?"

Dereva alitazama boti, akamtazama mathe, akatazama boti.

Tangu siku hiyo mathe hakukanyaga Dam tena. Alihamishia beseni lake hapa kwa mlango wa plot. Na kila asubuhi alifunga mandazi kwa gazeti, zile kubwa, akaniita. "Peleka kwa yule mtu wa kupita watu." Hivyo ndivyo alivyomwita. Kwa miaka. Dereva alizipokea, akala moja palepale polepole, akasema, "Mwambie mama yako bado natafuta."

Alikuwa anatafuta jibu. Mimi nilidhani ni mzaha wa wazee, lakini alikuwa anatafuta kweli. Alijaza magunia mchanga akayaweka mbele ya boti. Akayahamisha nyuma. Akafunga ndoo iburutwe upande mmoja, boti ikazunguka kama mbwa anayefuata mkia. Watu wa vimashua vya matanga walimwambia boti yake iko sawa, mbona inakwenda vizuri tu. Alinung'unika. "Inakwenda vizuri ikikimbia. Hata jiwe ukirusha linakwenda vizuri. Mimi nataka itembee."

Jibu alilipata kwa kioski cha maji, na mimi nilikuwepo, kwa bahati mbaya yake. Tulikuwa kwenye foleni na mitungi. Dereva alikuwa na kijiko chake cha chai mfukoni, kimefungwa kamba kama kawaida. Mpira wa maji ulikuwa umefunguliwa wote, ukitoka kwa nguvu. Akaingiza kijiko, akakigeuza kidogo upande, maji yakakisukuma mpaka mkono wake ukaenda.

"Ona," akaniambia. Kisha mwenye kioski akafunga koki nusu, maji yakatoka kwa uvivu. Dereva akageuza kijiko tena. Hakuna. Mkono haukutikisika. Akasimama hapo kwa muda, foleni ikimtukana. Halafu akaondoka mbio, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kwenda mbio kwa miguu, akaingia nyumbani kwetu, akatoka na mwiko wa mathe wa ugali, ukiwa na ugali. Akauingiza mwiko kwa yale maji ya uvivu, akaugeuza. Mkono ukasukumwa.

"Owafula! Umeona? Maji ikikimbia, kijiko inatosha. Maji ikienda pole, lazima mwiko. Boti yangu walipea kijiko!"

Nilipaswa kusikiliza hapo. Lakini mathe alikuwa amefika akiwa na sufuria mkononi, akimuuliza kama kwao mwiko ni wa kuoga, na mimi nilikuwa nimelala chini kwa kicheko. Somo lote likanipita, kama nilivyopitwa na boti.

Basi alijua dawa. Usukani wenyewe si kitu cha ajabu: ni bapa la chuma limesimama wima nyuma ya propela, na juu yake kuna mhimili unaougeuza ukizungusha stering. Bapa likiwa dogo, kwa kasi linatosha, kwa pole ni kama halipo. Alihitaji bapa kubwa. Alijua, na hakufanya. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila Krismasi alisema ataongeza, na kila Januari alikuwa bado anapima kwa vidole. Mtu aliyeruka majini bila kujua kuogelea, akaogopa kipande cha chuma.

Kilichomsukuma ni gati. Boti iligonga gati la mbao ikija polepole kuegesha, ikagonga tena wiki nyingine na bibi mmoja akamwagikiwa chai. Wenye boti, wale watu wa matanga waliomwajiri, wakamwambia, kwa upole lakini wakamwambia: Jumamosi tutaitazama ikiegesha. Ikigonga, tunaivuta nchi kavu, na wewe tutakupa kazi ya kulinda geti.

"Geti," alituambia jioni hiyo, amesimama mlangoni petu. Sijawahi kumwona mdogo hivyo. "Mimi nilinde geti. Na mtoto akianguka huko ndani, nimfungulie geti?"

Mathe alikuwa anakanda unga. Akazidi kukanda kwa nguvu.

Asubuhi yake Dereva akautoa usukani, akachora mstari wa chaki vidole vinne kutoka ukingo wa nyuma. "Mwambie fundi aongeze upana kama huu, kwa nje," akasema. "Kama huu. Kwa nje." Yeye mwenyewe hakuenda, kwa sababu kati ya Kibera na Kawangware kuna Ngong Road.

Sasa sababu yangu. Likizo zote nilikuwa nasukuma mkokoteni soko la Kawangware. Mkokoteni ukiwa na gunia nyingi haugeuki, unaenda nao unakotaka wenyewe mpaka kwa kibanda cha mtu. Ukitoa gunia mbili, unageuka kwa kidole. Hiyo naijua na mabega yangu. Kwa hiyo nikiwa nimebeba lile chuma, zito, likinikata bega, nikawaza: boti haigeuki, Dereva anataka kuongeza uzito! Mzee amechoka. Kichwa kimeingia maji. Akipelekewa hivi atakwenda geti moja kwa moja. Nikaamua kumsaidia.

Fundi alikuwa na kibanda chake kandokando ya njia ya kwenda Riruta Satellite. Alipindua usukani, akaangalia chaki. "Hapa tunaongeza ama tunatoa?"

"Toa. Kata kwa huo mstari."

"Ni ya nini?"

"Ya boti."

"Boti!" Akawaita wenzake waje wanione. "Kijana ameleta boti Kawangware! Kuja na bahari pia, tutaichomelea." Wakacheka, nikacheka, akakata.

Nilirudi nikipiga mluzi. Nilimkuta Dereva ameketi nje, na mathe anachoma mandazi. Nikaufungua usukani kutoka kwa gunia kama mtu anayefunua sanamu ya rais. Dereva akautazama. Akaweka vidole vinne pale palipokuwa na chuma, na vidole vikaning'inia hewani.

"Hii nyingine iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile imetoka."

"Si iliachwa kwa fundi. Sasa ni nyepesi, Dereva! Itageuka yenyewe."

Akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza, "Owafula. Nilikuwa na kijiko. Umeniletea kijiti ya meno."

Na hapo, mlangoni, mbele ya mathe, somo la kioski likanirudia lote kwa mpigo. Kijiko. Mwiko. Maji ya uvivu. Mathe akatafuta kitu cha kunipigia, na kilichokuwa karibu kilikuwa usukani wenyewe, nao kwa sababu yangu ulikuwa sasa mwepesi wa kuinuka. Dereva akamshika mkono. "Wacha, Mama Wafula. Akivunjika nitapeleka nani Kawangware?"

Lakini Ijumaa hakunituma. Alikwenda mwenyewe, pamoja nami.

Kuvuka reli hakukuwa na shida, garimoshi hupiga honi. Tulipofika Ngong Road akasimama. Lori zikapita, zikapita. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na jasho linatiririka mpaka kwa tai, maana alikuwa amevaa suti kwa heshima ya kwenda ng'ambo. Nikamwambia twende. Hakuenda. Nikamwambia sasa. Akapiga hatua moja, akarudi mbili. Nilikuwa na mzaha mzuri sana mdomoni, niliumeza. Nikamshika kola ya koti, kwa nyuma, vile alivyowahi kunishika mimi, nikamvusha. Upande wa pili alikaa kwenye jiwe akavuta pumzi.

"Sasa tumelipana," nikasema.

"Bado," akasema. "Kuna kurudi."

Kwa fundi kulikuwa na kelele. "Kijana yako alisema kata!" fundi akapiga kelele. "Mimi nikiambiwa kata nakata. Nikiambiwa imba naimba."

"Basi rudisha ile ulikata."

Fundi akajikuna. Kile kipande kilikuwa kimeshapata kazi: kilikuwa komeo la choo cha plot moja Satellite, na mwenye plot alikuwa amekisifu. Dereva akafunga macho. Nilidhani atalia. Akachukua chaki, akapiga magoti na suti yake, akachora usukani mpya chini kwenye saruji. Alichora nyuma ya mhimili bapa la upana wa kiganja kizima na zaidi. Mbele ya mhimili akaongeza kidogo, ili maji yamsaidie mkono kuugeuza. Kwa ukingo wa nyuma akachora vipande viwili vyembamba vya chuma mfano wa kabari, kimoja kila upande, vya kuyatupa maji pembeni zaidi.

Fundi akautazama mchoro. "Baba, hii ni usukani ama ni mlango?"

"Chomelea."

Akatafuta bamba la ubavu wa lori, akalikata. Mimi nilishika koleo, nikachomwa na cheche mara nyingi, nikanyamaza. Wakati chuma kinapoa Dereva alikaa kando yangu.

"Unajua nini, Owafula? Miaka hii yote nilikuwa naogopa kuguza hiyo kitu. Nikiwaza, nikiongeza nikose, nitakuwa nimeharibu boti ya watu. Ningeongeza vidole vinne, na vidole vinne hazingetosha." Akakung'uta gambuti mavumbi. "Sasa umeshaharibu wewe. Mimi siogopi tena."

Sijawahi kusifiwa vile na mtu. Hata sasa sijui kama nilisifiwa.

Hayuko tena hapa. Magugu ya maji yaliingia Dam, yale ya majani mazito na maua ya zambarau, yakafunika mpaka ukaona kama uwanja wa mpira, na boti ya injini haipiti kwenye uwanja wa mpira. Alifunga vitu vyake vyote kwa kamba, hata jiko, akarudi ziwani. Aliniambia anasikia huko magugu ni mengi zaidi. Nikamuuliza sasa anaenda kufanya nini. "Kuangalia," akasema. Chumba chake kina mtu mwingine, anayevaa viatu. Naogopa kuwaambia kwamba asubuhi bado namwita mlangoni hapo, halafu nakumbuka.

Lakini nikimwona kichwani simwoni akiondoka. Namwona Jumamosi ile.

Wenye boti walikuwa wamekaa kwenye gati na vikombe vyao, wameshika sahani mbali na ukingo. Dereva alikuwa ameshapiga tupa vile vizuizi viwili vya chuma vinavyozuia usukani usigeuke sana, ugeuke zaidi kidogo. Si sana, alisema ukiugeuza kupita kiasi unakuwa breki tu. Akaenda mbali, akarudi, akapunguza moto. Boti ikaja kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Akazungusha stering, akaipa moto kidogo, pu, ili propela iusukumie usukani maji, akazima. Pua ikageuka. Akairudisha, pu, ikarudi. Ikalala kando ya gati, ubavu kwa ubavu, na hakuna kikombe kilichotikisika.

Watu wakapiga makofi, bibi wa chai akapiga zaidi. Mzee mmoja akasema, "Basi, Dereva, boti yako." Mimi nikaruka juu, nikapiga kelele, nikaanza kucheza, na nusura nianguke majini kabla ya wakati wangu.

Dereva hakushuka. "Bado," akasema. "Kuna swali sijajibu. Owafula, vaa hiyo jaketi ya kuelea, uingie pale."

Alionyesha mahali. Nilipajua: ndipo mitungi iliponiacha.

"Si uweke mtungi?" nikasema. "Mtungi unaelea vizuri kunishinda."

"Mtungi hauna mama."

Nikageuka, na ndipo nikamwona. Mathe alikuwa amesimama ukingoni, palepale alipokuwa akisimama zamani, beseni kichwani, uso kama mlango uliofungwa. Sijui nani alimwambia. Hakuwa amekanyaga Dam tangu nikiwa darasa la tatu.

Nikaingia. Maji yalikuwa baridi na yalinuka vile vile. Boti ilianza kuja mbio, ule mlio, na niwaambie ukweli, utani wote uliniisha. Ikapunguza. Ikawa inakuja kando yangu, kando sana, ile njia ileile ya kunipita, nikawaza, inanipita. Kisha nikaona mkono wa Dereva ukizungusha, nikasikia pu, na pua yote ya boti ikanigeukia kama ng'ombe aliyeitwa jina. Pu nyingine ndogo. Akazima. Boti ikateleza kimya, ikasimama, na mbao zake zikagusa bega langu kama mtu anayekusalimia kanisani. Mkono ukashuka ukanishika kola.

"Niaje, Owafula," akasema.

"Niko juu ya maji," nikasema, meno yakigongana.

Akanivuta ndani kwa mkono mmoja. Gambuti zake zilikuwa kavu kabisa. Akaileta boti polepole mpaka ukingoni mbele ya mathe, akaisimamisha mahali angeweza kuigusa, akavua kofia, akangoja.

Mathe akashusha beseni chini. Alinitazama, ninatiririka maji, ni mzima, ninacheka kama mjinga. Alitazama usukani unaoonekana chini ya maji, mkubwa kama mlango. Akafuta mkono kwa leso, akafuta na macho kama aliyeingiwa na moshi, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akamwita kwa jina ambalo sisi wote tulimwita.

"Dereva," akasema, "hebu mrudishe majini. Nilikuwa nimefumba macho."